Pafyumu ya Majani na Maua Haikai, Imegeuka au Inawasha: Tafuta Kosa Liko Wapi

Malalamiko kuhusu pafyumu nyepesi za majani na maua yanafanana hapa Dar: haikai, inanuka mboga, siyo ile niliyonunua, imeniwasha. Na karibu kila mtu hujitibu kwa dawa moja, anaongeza mipulizo. Kosa linaweza kuwa puani, kwenye ngozi, kwenye joto au ndani ya chupa, na mipulizo kumi haiponyi hata moja kati ya hayo. Jua kwanza liko wapi.

Ikiwa nzima inafungukaje

Sekunde chache za mwanzo ni spiriti tu, usiivute puani. Ikishakauka, unapata limau au bergamoti na ule ubichi wa nyasi zilizofyekwa sasa hivi. Ubichi huo hutoka kwenye heksenoli, kemikali ileile inayotolewa na jani likikatwa, na mara nyingi huungwa mkono na galbanamu, utomvu mchungu wa mmea wa Iran. Hili ni tabaka la juu, na ndilo la kwanza kuruka.

Kati ya dakika ya 10 na ya 20 maua yanaanza kujitokeza: yasmini, langilangi, haisinti, au lile ua jeupe la Ulaya liitwalo muguet. Muguet halikamuliwi mafuta ya kuuzwa. Watengenezaji hulijenga kwa kemikali, na Edmond Roudnitska alipata sifa kubwa kwa kulijenga ndani ya Diorissimo mwaka 1956. Baada ya saa moja au mbili maua yanalegea na kubaki miski nyeupe, mti wa mwerezi au vetiva (mzizi wa nyasi yenye harufu), karibu kabisa na ngozi.

Aliyewahi kuvaa kikuba cha rehani na yasmini anaijua safari hii: jioni kinanukia mtaa mzima, alfajiri kimebaki kumbukumbu kwenye mto. Pafyumu ya aina hii ndivyo ilivyo. Katika ofisi yenye kiyoyozi huweza kwenda saa tatu hadi tano. Kituo cha daladala mwezi wa pili, kivuli hakuna na joto limefika nyuzi 32, tabaka la juu huweza kuisha kabla basi halijafika.

Jaribio la kuanzia

Lifanye asubuhi, nyumbani, kabla ya kupika. Osha mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni isiyo na harufu, kausha, kaa dakika 15 bila losheni. Puliza mara moja kwa umbali wa sentimita 15 kwenye sehemu tatu: ndani ya mkono mmoja, kipande cha karatasi nyeupe, na kipande cha khanga ya pamba iliyosuuzwa vizuri bila dawa ya kulainisha nguo. Andika saa. Nusa baada ya dakika 5, dakika 30, saa 1 na saa 3. Ikifika saa 1, mwite mtu anayetoka nje anuse. Aliyekuwa chumbani na wewe hafai, pua yake imeshazoea.

Matokeo yanasomeka hivi. Wewe husikii lakini mwenzako anasikia: shida ni pua. Karatasi na khanga zinanukia lakini mkono umekufa: shida ni ngozi au joto. Vyote vitatu vimekufa kabla ya saa moja: tazama chupa. Karatasi inanuka vibaya tangu mwanzo hadi mwisho: imeharibika au ni feki.

"Haikai, nusu saa imekwisha"

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

1. Pua imezoea. Miski, na harufu za ua la urujuani (violet) zinazotokana na kemikali ya ayononi, zina tabia ya kupotea puani na kurudi. Wapo pia watu waliozaliwa wasioweza kuinusa ayononi fulani au miski fulani, na hakuna mpulizo utakaowasaidia. Usipulize mbele ya shingo, chini kabisa ya pua. Weka kisogoni, ndani ya viwiko, kifuani chini ya nguo. Pumzisha pua siku mbili tatu kwa kutumia harufu nyingine. Zile punje za kahawa za dukani hazizidi hewa ya kawaida ya nje kwa kusafisha pua.

2. Ndivyo ilivyotengenezwa. Soma boksi. Eau de cologne kwa kawaida ina manukato asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20. Mipaka hii hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Pafyumu nyingi za majani huuzwa kama eau de toilette, kwa hiyo kuzidai zikae kama udi ni kuzionea. Beba kichupa cha mililita 5 na urudie mchana. Mpulizo mmoja ni kama mililita 0.1, hivyo chupa ya mililita 50 ina mipulizo karibu 500. Minne asubuhi na miwili mchana inakupeleka siku 80 na ushee.

3. Ngozi kavu, hasa kwa wanaoshinda kwenye kiyoyozi. Paka losheni isiyo na harufu, au mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mchele kila sehemu, ngoja dakika tano, ndipo upulize. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi vizuri, lakini yana harufu yake na huumeza ubichi wa majani.

4. Umepuliza juu ya maji au jasho. Dar ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujafunga kitenge. Kaa mbele ya feni dakika 10 kwanza.

5. Chupa imechezewa. Hilo limeelezwa chini, kwenye sehemu ya "Ni ileile lakini siyo ile".

Kwenye nguo pafyumu hukaa zaidi kuliko kwenye ngozi, kwa sababu nguo haina joto la mwili. Puliza upande wa ndani wa pindo la pamba kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Epuka hariri, na epuka kanzu nyeupe ikiwa maji ya pafyumu yana rangi. Kuhusu kusugua viganja: haivunji chochote kama inavyosemwa, ila inapasha joto na kutandaza, na tabaka la juu linawahi kuruka. Acha ikauke yenyewe.

"Inanuka bamia, mchicha, au mkojo wa paka"

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Galbanamu inafanana na maganda ya maharage mabichi, jani la urujuani linafanana na tango, na chipukizi la mmea wa cassis (tunda dogo jeusi la Ulaya) lina kemikali ya salfa ambayo pua nyingi huisoma kama mkojo wa paka. Zikiwa kidogo, huipa pafyumu uhai. Zikiwa nyingi puani kwa mara moja, mtu hutupa chupa. Vent Vert ya Germaine Cellier, iliyotoka mwaka 1947, ilijengwa juu ya galbanamu bila aibu yoyote, na ina wapenzi mpaka leo. Subiri dakika 20. Maua yakijitokeza kwenye karatasi, chupa ni nzima, na swali linalobaki ni kama unaipenda.

Ikiwa karatasi inanukia vizuri lakini mwilini ni mboga, angalia umbali. Kupuliza kwa sentimita tano kunalowesha sehemu moja, na ubichi wote unabanana hapo. Kisha fikiria joto: yasmini ina indoli, ambayo kwa kipimo kidogo ni utamu wa ua la usiku, na ikizidi kwenye ngozi yenye moto inanuka kama vidonge vya kufukuza nondo kabatini au ua lililoanza kuoza. Pafyumu yenye yasmini nyingi ipulizie jioni, au ipulizie nguoni.

Halafu kuna mgongano, ambao watu wengi hawauhesabu. Roli-on yenye harufu, losheni yenye harufu, dawa ya kulainisha nguo, mafuta ya nywele, dawa ya mbu, na juu yake udi. Pafyumu nzito hupigana na hivi vyote na kushinda. Nyepesi haina nafasi. Siku moja tumia sabuni, losheni na roli-on zisizo na harufu kabisa, kisha rudisha kimoja kimoja kila siku mpaka umpate mgomvi. Kwa kawaida ni roli-on au dawa ya kulainisha nguo.

Udi una kanuni zake. Nguo iliyofukizwa hubaki na udi siku kadhaa hata ukiianika, kwa hiyo pafyumu ya majani haitasikika juu ya dera lililotoka kwenye chetezo. Ukitaka vyote viwili, fukiza nguo usiku uliotangulia, itundike penye upepo, kisha puliza pafyumu kwenye ngozi peke yake. Siku ya harusi, kusema kweli, uachie udi uwanja.

Onyo: usipulize pafyumu karibu na chetezo chenye makaa, jiko la gesi linalowaka, mshumaa au sigara. Pafyumu ya spiriti hushika moto hata ikiwa na joto la kawaida la chumba, na wingu la mpulizo hushika upesi kuliko maji yaliyo ndani ya chupa. Nguo iliyotoka kupulizwa ikauke kwanza.

"Baada ya saa moja inakuwa sabuni, au inachacha"

Sabuni ni jambo dogo. Kemikali zinazojenga muguet zimetumika kwenye sabuni na dawa za kufulia kwa miongo mingi, kwa hiyo pua imeshazihusisha na bafu. Hakuna cha kutengeneza.

Kuchacha ni kingine. Sababu ya kwanza ni jasho lililokaa kwenye nguo, hasa polista: bakteria wa kwapa hubaki kwenye nyuzi hata baada ya kufua, na ukipata joto kwenye mwendokasi harufu inarudi na kujichanganya na maua. Puliza kwenye khanga safi ya pamba na kwenye ile shati unayoishuku, kisha nusa zote mbili baada ya saa moja. Shati ikichacha peke yake, umeshapata jibu. Iloweke nusu saa kwenye maji lita 10 yenye siki nyeupe mililita 100, suuza kabisa, halafu fua kama kawaida na uianike juani. Siki isikutane hata kidogo na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Sababu ya pili ni maji ya kisima. Maeneo mengi ya jiji hutumia maji ya kuchimba yenye chumvichumvi, na maji magumu hushikana na sabuni na kuacha utando kwenye ngozi na nguo. Utando huo una harufu yake. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, hata ndoo moja tu.

Harufu ya mwili ikibadilika ghafla bila sababu, au ukaanza kulowa jasho usiku na kupungua uzito, hilo si suala la pafyumu. Nenda ukapimwe.

"Ni ileile lakini siyo ile"

Anza na mahali ilipokuwa. Dirishani, bafuni au kwenye dashibodi ya gari, joto na mwanga huoksidisha kwanza limau na majani, ndiyo maana pafyumu za kijani huwahi kuharibika kuliko za udi au vanila. Dalili ni mwanzo wenye ukali wa siki, wa rangi ya kucha au wa mafuta yaliyokaa, kisha maua yanakuja yakiwa dhaifu. Hakuna kuirudisha. Usiitumie kwenye ngozi hata kama ilikuwa ghali: limonini na linaloli, kemikali za harufu, zikishaoksidika zinajulikana kwa kusababisha mzio.

Chupa inayofuata iweke ndani ya boksi lake, rafu ya chini ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Nyumba isiyo na kiyoyozi ikiwa na joto sana, mlango wa friji unafaa, mradi usiitoe na kuirudisha kila siku. Nunua mililita 30 badala ya 100. Chupa iliyobaki robo ina hewa nyingi kuliko pafyumu, na hewa ndiyo inayoila.

Rangi ya kijani ikififia huku harufu ikiwa ileile, ni rangi tu iliyochujuka kwa mwanga.

Ikiwa chupa mpya imetofautiana na ya zamani uliyoimaliza, na zote ni halali, huenda fomula imebadilishwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali ya Lilial katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Machi 2022, nayo ilikuwa nguzo ya muguet katika pafyumu nyingi. Muuzaji hajakudanganya.

Sasa ukungu. Iliyotoka kwenye friji huweza kuwa na ukungu na kusafika ikikaa mezani saa mbili tatu. Hiyo ni salama. Ikibaki na maziwamaziwa, au ukaona matone yanaelea, yaelekea imeongezwa maji: maji yakizidi, mafuta ya manukato hayawezi kubaki ndani ya spiriti. Usijaribu kuisafisha kwa spiriti ya duka la dawa. Ile ya asilimia 70 inaongeza maji zaidi, na ile ya bluu ya kuwashia ina vichafuzi vya sumu, ikiwamo methanoli.

Kuhusu feki, namba ndogo ya toleo iliyo chini ya boksi inatakiwa ifanane na iliyo chini ya chupa. Shingo ya chuma iwe imebanwa sawasawa pande zote, na kipulizio kitoe wingu laini badala ya mchirizi. Kariakoo mtego wa kawaida ni testa (chupa ya kujaribia) halali na boksi lenye kitu kingine. Kabla hujalipa, sema: "Kaka, nifungulie hiihii ninayoichukua, siyo testa." Akikataa, maduka yako mengi. Mafuta ya kupimiwa kwa bomba la sindano ni bidhaa tofauti. Hayana spiriti, yanakaa zaidi, lakini tabaka la kijani kwake huwa jembamba na la uvivu, kwa hiyo usiyapime kwa kipimo cha chupa ya boksi. Vipodozi nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS); ukiuziwa bidhaa iliyokudhuru, peleka malalamiko huko ukiwa na chupa, boksi na risiti.

Kipulizio hakitoi

Bonyeza mara 5 hadi 10, huenda kuna hewa kwenye mrija. Kisha chomoa kile kidude cha juu, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kikauke, kirudishe. Usichokonoe tundu kwa sindano, utalipanua. Usibandue shingo ya chuma kwa kisu. Kioo hukatika na kukata mkono.

"Inawasha", "nimepata mabaka"

Hapa acha kutumia kwanza, ndipo utafute sababu.

Mwasho wa dakika chache baada ya kunyoa ndevu au kwapa, au kwenye mchubuko, ni spiriti. Osha kwa maji, na usipulize ngozi iliyonyolewa mpaka siku inayofuata.

Vipele, wekundu au ngozi kuvimba na kuwasha siku moja hadi tatu baada ya kupuliza ni dalili ya mzio wa mguso. Unaweza kuja hata kwa pafyumu uliyoitumia miaka. Osha kwa maji na sabuni laini isiyo na harufu, acha vyote vyenye harufu, paka mafuta ya mgando. Ukipona kabisa na ukataka kujua kama ni yenyewe, weka kiasi kidogo ndani ya kiwiko, sehemu ileile, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ikiwasha siku yoyote, achana nayo kabisa. Kipimo kamili cha kujua kemikali gani inakukataa hufanywa na daktari wa ngozi, kwa mfano katika kliniki ya ngozi ya hospitali ya Muhimbili.

Michirizi myeusi shingoni inayofuata njia ya pafyumu ilivyotiririka ina chanzo kingine: bagapteni, iliyomo kwenye mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa na kwenye ndimu, hukutana na jua na kuunguza ngozi. Pafyumu nyingi za kampuni kubwa siku hizi hutumia bergamoti iliyoondolewa bagapteni. Za kuchanganya nyumbani hazina uhakika huo. Puliza sehemu zinazofunikwa na nguo. Kwenye ngozi nyeusi alama huchukua miezi kufifia, na hapo ndipo watu hukimbilia krimu za kuchanganya. Usiziguse. Nyingi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na zitakuachia tatizo kubwa kuliko michirizi. Funika na jua, paka losheni ya kukinga jua isiyo na harufu, muone daktari.

Mwenye pumu akibanwa kifua chumbani mlimopulizwa, mtoe nje kwenye hewa na atumie dawa yake ya kuvuta. Asipopata nafuu, hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa yeyote anayevimba midomo, kope au ulimi, anayepumua kwa shida, au mwenye malengelenge usoni: usingoje kesho.

Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 huku kope zimefunguliwa, ukitoa lenzi kama unavaa; maumivu au ukungu wa macho ukibaki, nenda ukaonwe. Mtoto akiinywa, hata funda moja, usimtapishe. Spiriti hushusha sukari ya damu ya mtoto upesi, na chupa feki huweza kuwa na methanoli. Mpeleke hospitali akiwa bado anaongea, na ubebe chupa yenyewe ili wajue alichokunywa.